Mpiga Besi Aliyetuacha

Niliwahi kumuua mtu, na mtu huyo yuko hai mpaka leo. Anaendesha basi katika mji mmoja wa nchi ya baridi, ameota kitambi, na meno yake ni mazuri kuliko yangu. Nilimuua kwa neno moja la Kiswahili, lugha ambayo nimekuwa nikiringa nayo tangu shule ya msingi na ambayo imenilisha maisha yangu yote. Rafiki yangu mmoja alinishauri nisimsimulie mtu jambo hili, eti litaniharibia jina kazini. Jina lenyewe limebaki kidogo, acha liharibike.

Nilikuwa nimekwenda Lodwar kutengeneza filamu ya tamasha la bendi moja. Bendi yenyewe ni ya roki, na imepiga muziki Turkana kwa miaka thelathini. Mtu akisikia hivyo hucheka kwanza, anadhani natia chumvi. Ilizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mwimbaji wake ni Mkongomani aliyeingia kambini akiwa kijana, na siku hizi ni fundi cherehani. Mpiga dramu ni Mturkana wa Lodwar, fundi wa pampu za maji, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Mpiga besi alikuwa Mkongomani pia, aliyekimbia kwao siku moja na mwimbaji, kwa njia moja, wakila sahani moja. Wengine walikuja wakaenda, lakini hao watatu ndio waliokuwa bendi. Mtaje mpiga besi huyo kwa mtu yeyote wa makamo kutoka Lokichar hadi Lokitaung, atakuambia alicheza kwa besi yake kwenye harusi fulani mpaka viatu vikakatika.

Mimi nilianza kazi nikisoma matangazo redioni, kisha nikashika kamera miaka mingi katika kituo kimoja cha televisheni Nairobi, nikipiga picha za hadithi za watu wengine. Hii ilikuwa filamu yangu mwenyewe ya kwanza. Nilikwenda peke yangu, na kamera moja, maiki mbili na stendi, kwa sababu hakuna aliyekubali kufuatana nami. Tena nilikuwa nimeachwa. Mume wangu alikuwa amehamia Eldoret kwa mwanamke anayeuza vipuri vya trekta, na nyumba yangu ilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kuijibu redio. Upweke wa Nairobi ulinitia aibu. Wa Lodwar, nilifikiri, angalau utakuwa na sababu.

Nilipanga chumba katika gesti moja karibu na soko. Feni ilizunguka ilipotaka. Asubuhi msichana wa mapokezi alinisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," nami nikajibu, "Ejok," na siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee niliyozungumza na mtu mpaka saa sita. Chai nilikunywa katika hoteli ya Msomali mmoja, chai ya maziwa ya ngamia, mezani kwangu kule kwenye kona. Mwenyewe alikuwa mpole. Aliweka kikombe kabla sijaagiza, akauliza, "Leo pia peke yako, dada?"

"Leo pia."

Alikuwa haulizi kwa ubaya, lakini siku moja nusura nimmwagie ile chai.

Kila siku ya pili nilipanda kwenda Kakuma kumpiga picha mwimbaji. Nilipata lifti kwa wenye mizigo, nikashuka kambini, nikapita kwa mama mmoja Mkongomani aliyekaanga mandazi mwanzo wa kichochoro, nikanunua manne, nikaenda kuketi kwenye kibanda cha mwimbaji nikila huku nikimngoja amalize kazi ya wateja. Yule mama alinizoea. Aliniongezea la tano bila kuombwa. Mara moja aliniuliza kama hiyo filamu itaonekana Ulaya, nikamwambia itaonekana kila mahali, akafurahi sana. Mimi sikumuuliza chochote. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali kwa kazi, na sikumuuliza hata jina.

Siku ya mahojiano makubwa kulikuwa na joto la kutoa machozi. Niliweka kamera karibu na cherehani ili nipate mikono yake. Tuliongea juu ya kaseti walizojifunzia, juu ya dramu ya kwanza waliyotengeneza kwa mapipa ya mafuta ya kupikia. Halafu nikauliza, "Na mpiga besi wenu?"

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Yeye alituachaka," akasema.

Hivyo ndivyo wasemavyo Wakongomani, alituachaka, na hiyo *ka* ya mwisho ilinichoma moyo. Nilishusha sauti, nikaweka ile sauti yangu ya matangazo ya vifo.

"Pole sana, mzee."

"Asante, mama. Tulizoea."

"Mlimsindikiza?"

"Sisi bote. Mpaka kwa geti. Bamama walilia sana. Mimi nilikataa kulia juu ya batoto." Akagusa kitambaa kilichokuwa kwenye mashine. "Alienda na suti ya bluu. Nilimushonea mimi mwenyewe. Ilimukaa muzuri."

Nilijua kazi, nikaacha kamera iendelee kuangalia ile mikono. Ndani yangu nilikuwa nashangilia, na nalisema hili kwa aibu: nilijua nimepata kipande ambacho kingeibeba filamu nzima.

Mtu aliyelelewa kwingine atauliza kwa nini sikumuuliza tu, mzee, alikufa na nini? Lakini kwetu mtu hafi. Mtu hutuacha, hututangulia, huitwa, hupumzika. Kumwambia mfiwa neno kufa usoni ni kukosa malezi. Mama yangu alinifunza hivyo, na redioni nikafunzwa tena. Nilikuwa na adabu siku ile, adabu tele, na adabu hiyo ndiyo iliyomuua mtu.

Na jambo linaloniudhi mpaka leo ni kwamba mimi, kati ya watu wote, ningepaswa kulijua lile neno. Mimi mwenyewe niliachwa. Aliyeniacha yuko hai, mzima wa afya, anapakia picha za shamba lake la mahindi. Ukifiwa, majirani huleta sukari na kukaa nawe. Ukiachwa, huleta maswali, kisha huenda kwao.

Tamasha lilifanyika Lodwar, uwanjani, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali na upepo ukipiga vumbi kwenye spika. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Kulikuwa na akina mama waliovaa shanga mpaka shingo isionekane, walimu wastaafu, madereva wa malori, na kundi lililokuja na lori kutoka Kakuma likiimba. Kwenye jukwaa, kushoto kwa mwimbaji, waliweka kiti. Juu ya kiti likaegemezwa gita la besi, jekundu, limefutwa likang'aa, na hakuna aliyelishika.

Nilimwendea mpiga dramu alipokuwa akikaza ngoma zake. "Na hicho kiti?"

"Ni ya ule jamaa," akasema. "Hiyo gita hakuna mtu anagusa."

Nikamshika bega kumpa pole. Aliuangalia mkono wangu, kisha akaendelea kukaza.

Walipiga bila besi. Mwanzoni masikio yangu yalikataa, muziki ulikuwa na shimo katikati. Lakini wimbo wa pili ulipoanza nikasikia kitu chini ya ule upepo. Watu wa zamani, wale waliocheza kwenye harusi zile, walikuwa wanaimba sehemu ya besi kwa midomo. Dum, dudum, dum. Wanaume watu wazima na wanawake wenye wajukuu, wameinamisha vichwa, wanalijaza pengo la mtu asiyekuwepo. Niligeuza kamera kwao. Niliiacha kwao mpaka wimbo ukaisha.

Nilibaki Lodwar wiki kadhaa kuunganisha picha. Nilipofika kwenye wimbo ule wa pili, niliweka uso wa mpiga besi, picha ya zamani niliyopewa na mwimbaji, kijana mwembamba anacheka. Chini yake nikaandika kwa herufi nyeupe: Marehemu mpiga besi. Alituacha, lakini besi yake haikunyamaza. Niliangalia maneno hayo, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Nilimlilia mtu nisiyemjua kuliko nilivyoililia ndoa yangu. Yeye nilikuwa na ruhusa ya kumlilia.

Filamu tuliionyesha Kakuma kwanza, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa video wa mabati. Kulijaa. Mwimbaji alikaa mbele, na pembeni yake akaketi mama wa mandazi, amevaa kitenge kipya. Nilifurahi kumwona. Watu walicheka kwenye sehemu za kuchekesha, wakapiga makofi walipojiona. Kisha ikaja ile picha, na yale maneno.

Halafu mama wa mandazi akasimama, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa shule. Alipofika mwisho akapiga ukelele ambao sijausahau, akaanguka juu ya watu.

"Ni dada yake huyo wa kwenye picha," mtu mmoja akaniambia sikioni. "Ni dada yake wa tumbo moja."

Mwimbaji alikuja kwangu nyuma ya ukumbi akisukuma watu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Mama," akasema, "ulijua tangu lini?"

"Kujua nini?"

"Kama amekufa. Ulisikia wapi? Nairobi?"

"Mzee, si wewe uliyeniambia?"

"Mimi?"

"Ulisema alituachaka. Ulisema mlimsindikiza, ulimshonea suti..."

"Ya kupanda ndege!" akasema. "Alipata safari. Alienda Bulaya! Tulimusindikiza kwa geti ya kiwanja ya ndege!"

Nilitaka kucheka. Nilidhani sasa yamekwisha, nitaomba msamaha, nitafuta neno, tutapigiana hadithi hii mpaka uzeeni. Nikamwambia, "Basi mpigieni simu, tumwambie dada yake." Na hapo nikaiona sura yake.

Hawakuwa na simu ya kupiga. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga kila Jumapili. Kisha kila mwezi. Kisha namba ikakatika, na ilikuwa imepita miaka sita bila neno. Mwimbaji alinieleza hayo pale nyuma ya ukumbi, huku dada mtu akililia mbele, na tulipoangaliana tukajua sote wawili kwamba hakuna mtu Kakuma anayeweza kusema nimekosea. Pengine nilikuwa nimeandika uwongo. Pengine nilikuwa nimeandika kweli bila kujua. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

Matanga yakaanza jioni ile ile, yenyewe tu. Mikeka ikatandikwa nje ya nyumba ya dada. Nilijaribu kuwaeleza, kwa Kiswahili changu kizuri, kwamba ni makosa, kwamba hakuna habari yoyote. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa kiti. Mwanamke mmoja akasema, labda Mungu ametumia makosa yako kutuambia. Mwimbaji alikaa katikati na gita lake la kawaida, akaimba nyimbo zote walizotunga pamoja, moja baada ya nyingine, akalia waziwazi mbele ya watoto. Watu walimshika mabega. Walimletea uji. Kila aliyekuja alikuwa na kisa cha mpiga besi, na kila kisa kilimfanya acheke na kulia. Mimi nilikaa pembeni, sina wa kunishika, na hata kama angekuwepo nisingestahili.

Mpiga dramu alifika kutoka Lodwar siku ya pili. Alisalimia watu wote kwa mkono, kisha akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Madam," akasema, "kwa nini hukuuliza mimi?"

"Niliuliza. Niliuliza kiti."

"Uliuliza kiti. Hukuuliza mtu." Akatikisa kichwa. "Kufa ni kufa. Ungesema tu, hii mtu amekufa ama iko? Mimi ningekuambia sijui. Hata sijui ni jibu."

Nilipiga moyo konde, nikatoa simu. Nilikata ile picha ya kijana anayecheka, nikaituma kwa kila Mkongomani niliyeweza kumpata, nikawaomba waitume kwa kila kundi lao huko walikokwenda. Niliandika: Tunamtafuta mtu huyu, tunaomba kujua kama yu hai au amekufa, matanga yake yameanza Kakuma; na chini nikaweka namba ya mwimbaji. Nililiandika neno lenyewe hatimaye, kufa, halikunishinda.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya mwimbaji ililia mkekani. Simu ya video, namba ndefu ya nchi ya nje. Akaifungua, na humo ndani mlikuwa na mwanamume mnene aliyevaa koti la sare, amekaa kwenye usukani wa basi tupu.

"Ni nani aliniua?" mtu huyo akauliza.

Siwezi kueleza kelele iliyofuata. Dada yake aliinyakua simu, akaibusu, akaitukana, akaipiga kofi ikaanguka vumbini. Watu wasiojuana walikumbatiana. Mtu akanisukuma mbele kuonyeshwa kama muuaji, naye akacheka kule kwenye basi lake, akasema nimemuua vizuri, picha ile ilikuwa nzuri. Dada alipotulia akamuuliza lile moja, kwa nini. Kicheko kikamtoka usoni.

"Niliona haya," akasema. "Mwanzo sikupata kazi, nikaona haya kupiga. Halafu nilipata, na haya ikakuwa ya kukawia. Siku zikapita, haya ikaongezeka."

Mwimbaji alichukua simu mwisho, akaingia nayo kibandani kwake, nyuma ya pazia la nguo za wateja. Nilimfuata na kamera. Ni mazoea, sina cha kujitetea. Kwa hiyo nilisikia.

"Gita yako iko," mwimbaji akasema. "Niliitunza. Nabadilishaka nyuzi kila mwaka."

Upande wa pili nilisikia mlango wa basi ukifunguka na watu wa huko wakipanda, wakisalimia kwa lugha yao.

"Ah, kaka," mpiga besi akasema. "Ile gita bado iko? Mupatie mutu tu. Miye sipigakaki tena. Hata vidole vilisahau."

"Haya," akasema mwimbaji.

"Nitapiga Jumapili."

"Haya. Enda kazini, batu banakungoja."

Nje walikuwa wameanza kusherehekea. Mikeka ya matanga haikuondolewa, ila sasa watu waliikalia wakicheka, na dada mtu alikuwa amewasha jiko, anakaanga mandazi ya bure kwa kichochoro kizima. Mwimbaji alikaa kwenye cherehani akaanza kukanyaga pedali. Sindano haikuwa na uzi. Besi nyekundu ilikuwa imesimama kwenye kona, kwenye kiti kile kile, walikuwa wameirudisha na kiti chake.

Nikamwambia nilichokuwa nimekiandaa siku tatu. Nilisema ni kosa langu, nitafuta yale maneno, nitampigia magoti dada yake, nitafanya atakalo.

"Toa ile marehemu," akasema. "Lakini pale nasema alituachaka, acha vile."

"Ndiyo, mzee."

Alikanyaga kidogo tena, sindano ikapanda ikashuka kwenye hewa tupu.

"Zile siku mbili nilimulilia muzuri," akasema. "Batu walikuja, walikaa na mimi. Sasa yuko muzima, mama. Sasa nitamulilia na nani?"

Nilizima kamera. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.